Friji ya Kabatini Inataka Hewa

Nyumba nyingi mpya mijini sasa zina friji iliyofichwa ndani ya kabati la jikoni, na kinachonitia hofu ni kuona kazi yote ikiachiwa seremala peke yake. Seremala hutaka mbao zibane. Friji inataka upenyo. Joto inalolitoa kwenye chakula lazima lipate njia: hewa iingie chini ya kabati, ipande kwa nyuma, itokee juu. Watengenezaji wengi hutaka matundu yenye eneo la sentimita za mraba 200 hivi. Yakizibwa, mota haipumziki, umeme unalika na kifaa kinakufa mapema. Tena friji nyingi za leo hutumia gesi ya isobutani, inayowaka, kwa hiyo skrubu zisipigwe ovyo karibu na mabomba yake. Soketi iwe yake peke yake, yenye waya wa ethi, kwenye kabati la pembeni ambako mkono unafika kuchomoa plagi. Ekstensheni nyuma ya friji siikubali kabisa. Hatari ya moto si ya kubuni: moto wa jengo la Grenfell Tower, London, ulioua watu 72 mwaka 2017, ulianzia kwenye friji ya jikoni. Mwiteni fundi umeme kabla ubao wa mwisho haujafungwa.