Woga wa Mtoto Si Ulozi

Ndugu wazazi wa Musumba, wa Kapanga yote, na ninyi mlio Kolwezi na Fungurume: liko jambo linalotendeka majumbani mwetu jioni ambalo tunalichukulia kama mchezo, na mara nyingine mwisho wake ni mateso ya mtoto asiye na kosa. Mtoto wa miaka 3 au 4 ameketi mkekani anatazama kipindi cha watoto. Picha ni za kuchorwa, nyimbo ni tamu, na mama yake anasonga bukari kwa moyo mtulivu, maana ameambiwa hicho ni kipindi cha watoto. Ghafla sura ya mtu inageuka, meno yanarefuka, sauti inakuwa nzito. Mtoto anakimbia. Usiku huo anaamka akipiga kelele, kesho yake godoro limelowa, na siku zinazofuata hataki kupita mbele ya televisheni hata ikiwa imezimwa.

Baba hukemea. Yaya zake humcheka na kumwigizia lile zimwi gizani. Tena yupo mtu mzima, shangazi au jirani, ambaye hutikisa kichwa na kuuliza kwa sauti ya chini kwa nini katika parseli nzima ni mtoto huyu peke yake asiyepata usingizi. Swali hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nasema kwa moyo wangu wote: mtoto huyo ni mzima, hana pepo, hana kitu alichopewa usiku. Ameogopa. Na mtoto aliyeogopa anastahili kusaidiwa na wale aliozaliwa mikononi mwao.

Tuanze kwa kujua mtoto anaona nini. Mwaka 1990 mwanasaikolojia John Flavell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila mzazi angefaa kuusikia. Waliwaonyesha watoto wadogo picha ya bakuli la bisi kwenye televisheni, wakawauliza: tukiigeuza televisheni hii juu chini, bisi zitamwagika? Watoto wa miaka 3 walijibu kwamba zitamwagika. Wa miaka 4 kwa sehemu kubwa walikwisha kujua kwamba hazitamwagika. Basi mtoto anayeamini kwamba bisi zaweza kuanguka sakafuni, kwa nini asiamini kwamba zimwi laweza kuruka likatua mkekani? Hajapungukiwa akili. Anafikiri sawasawa kabisa kwa kadiri ya yale anayoyajua.

Na mtoto wetu wa Lualaba amebeba mzigo ambao mtoto wa Paris hana. Vipindi vingi vinavyotufikia kwa madishi husema Kifaransa. Mtoto wa Musumba husikia Uruund na Kiswahili nyumbani. Kifaransa atakutana nacho darasani, baadaye. Mhusika wa katuni anaposema kwa Kifaransa kwamba yeye ni rafiki na watu wasimkimbie, neno hilo linapita juu ya kichwa cha mtoto. Kinachobaki ni uso na mngurumo. Joanne Cantor, profesa wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyeandika kitabu kizima juu ya woga huu mwaka 1998, alionyesha pamoja na wenzake kwamba hata watoto wanaoielewa lugha hushindwa kuyapita macho yao. Katika mfululizo wa The Incredible Hulk, mtu mpole hugeuka jitu la kijani linalowaokoa wanyonge. Watoto wakubwa waliogopa pale watu wema walipokuwa hatarini, wakatulia jitu lilipotokea kuwaokoa. Wadogo waliogopa zaidi pale jitu lenyewe lilipotokea. Wema wake haukuwasaidia kitu, kwa sababu sura yake ilikuwa mbaya.

Sasa ongeza kukatika kwa umeme. Tunajua jinsi SNEL, shirika letu la umeme, inavyoondoka bila kuaga. Chukueni katuni za Scooby-Doo, zilizoanza Marekani mwaka 1969 na zinazopendwa mpaka leo. Katika hadithi nyingi za mwanzo mpangilio ni uleule: zimwi linawakimbiza vijana na mbwa wao, watu wanapiga mayowe, halafu mwishoni kabisa zimwi linakamatwa, linavuliwa uso wa bandia, na ndani yake anaonekana mwizi wa kawaida. Dawa ya hadithi iko katika dakika za mwisho. Umeme ukikatika kabla yake, mtoto anaachwa gizani na zimwi ambalo halijavuliwa uso. Ataingia nalo kitandani. Hata umeme usipokatika, mara ngapi sisi wenyewe tunamwondoa katikati, eti akaoge, au kaka yake anabadilisha chaneli kutafuta mpira? Hadithi za wazee kando ya moto zilikuwa na vitisho vikali kuliko hivi, lakini msimulizi alikuwa na uso ambao mtoto anaufahamu, alipunguza sauti alipoona macho yanatoka, na hakuinuka kabla hadithi haijafika mwisho. Kwa hiyo umeme ukikatika, wewe uliye mkubwa mmalizie mtoto hadithi kwa lugha ya nyumbani. Usipoujua mwisho, utunge. Zimwi likamatwe, livuliwe uso, lichekwe, na mbwa apewe chakula chake.

Mambo ya uso wa bandia si mageni kwetu. Wachokwe, ndugu zetu wa Dilolo na Sandoa, wana makishi, wale wavaa nyuso za bandia wa mukanda, yaani jando, na kila aliyekulia upande huo anajua jinsi watoto wanavyotimka kishi anapotokea kijijini. Lakini wazee waliweka utaratibu. Kijana anayepita mukanda hupata kuelewa siri ya kishi akiwa na umri wa kuibeba, na watu wazima wakiwa pembeni yake. Hakuachwa mtoto wa miaka 3 apambane na kishi peke yake katika chumba kilichofungwa huku mama yake akiwa jikoni. Televisheni tumeipokea bila utaratibu wowote.

Wamarekani nao walijifunza kwa shida. Mwigizaji Margaret Hamilton, ambaye kabla ya sinema alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, ndiye aliyeigiza mchawi wa kijani katika filamu ya The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Februari 1976 alitokea akiwa mchawi yuleyule katika kipindi cha Sesame Street, kipindi kilichosifiwa kwa kuwalea watoto vizuri. Wazazi wakaandika barua za malalamiko: watoto wao wametishika. Sehemu hiyo haikurudishwa hewani. Kumbe mwaka mmoja kabla, 1975, mama huyohuyo alikuwa amekwenda kwenye kipindi kingine cha watoto, cha Fred Rogers, na kufanya kinyume chake. Alikuja kama mama wa kawaida, akazungumza kwa upole, kisha akavaa nguo za mchawi moja baada ya nyingine watoto wakimwona, wakashuhudia kwamba ndani ya lile gauni jeusi bado ni yeye. Mchawi ni yuleyule na mwigizaji ni yuleyule. Tofauti ni kwamba mara hii mtoto alishikwa mkono akapelekwa taratibu.

Basi tumsaidieje aliyekwisha kuogopa? Kwanza mikono yako, ndipo maneno. Cantor na wenzake wameona kwamba mtoto aliye chini ya miaka 7 hivi hasaidiki sana kwa kuambiwa tu kwamba kile si kitu cha kweli. Husaidika zaidi kwa kupakatwa, kupewa maji au uji, kufunikwa kitenge cha mama, kukaa karibu na mwili anaoujua. Nayo si ajabu. Mwaka 1991 Paul Harris na wenzake, Uingereza, waliwaomba watoto wa miaka 4 na 6 wawaze kwamba ndani ya sanduku tupu mna zimwi. Watoto walikubali kwamba hamna kitu. Lakini mtafiti alipotaka kutoka chumbani, baadhi ya wale wadogo hawakutaka aondoke. Walijua, na bado waliogopa. Kwa hiyo baba unayepiga kelele kila usiku, "Nyamaza, hakuna kintu!", jua kwamba mtoto pengine amekwisha kukubaliana nawe kichwani. Kifua chake ndicho kinachodunda.

Akishatulia, mchana, jua likiwaka, mwache aseme alichokiona. Usimharakishe. Mpe mkaa au kalamu alichore lile zimwi, kisha alitie kofia, alivishe kaptula ya kaka yake, au alichane akitaka. Mpeleke nyuma ya televisheni aone waya na vumbi. Mfundishe kuizima mwenyewe, umsifu anapoizima. Usimlazimishe kutazama tena kile kipindi ati azoee. Atakirudia siku atakayotaka, pengine akiwa magotini pako. Na kama kuna namna ya kupata vipindi vinavyosema Kiswahili, kama Akili and Me cha Ubongo wa Dar es Salaam, kilichobuniwa kwa watoto wa umri huu, vipatikane. Mtoto anayeelewa neno ana mahali pa kushika.

Filamu za usiku sitazizungumzia sana, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Filamu za Nigeria zenye damu na wachawi si za mtoto, hata kama amelala mkekani na mnadhani amesinzia. Macho yake yamefumba, masikio yako wazi.

Najua wako watakaosema: sisi wa Kolwezi tuliiona vita ya siku 6, Mei 1978, maiti njiani, mabati yakitobolewa na risasi, na leo mtoto analia kwa sababu ya picha? Nawaheshimu waliopita huko. Lakini waliokuwa watoto siku zile watasema wenyewe ni nini kilichowavusha: mtu mzima aliyewafunika chini ya kitanda na hakuwaachia mkono. Tusimnyime mtoto wa leo mkono huo kwa kuwa adui wake amechorwa. Na tusisahau mutumbula. Enzi za Wabelgiji, watu wazima wa Katanga, wenye kazi na familia, waliogopa kutoka usiku kwa habari za mutumbula anayekamata watu ili waliwe. Hata baadaye tuliendelea kuwatisha watoto kwa jina hilo wanyamaze, na leo tunawatisha kwa mazimwi ya televisheni: "Usipokula, nitamuita." Jamani, tuache! Tunazidisha kwa mdomo wetu maradhi ambayo kesho yake asubuhi tutayalalamikia.

Nije sasa kwenye lile swali la jirani. Nchini mwetu mtoto anayekojoa kitandani, anayepiga kelele usingizini, anayekaa kimya akitazama mahali pamoja, amekuwa akiitwa mulozi. UNICEF iliandika juu ya watoto wa namna hii barani Afrika mwaka 2010, na Human Rights Watch iliandika juu ya watoto wa barabarani wa Kongo mwaka 2006: wengi walifukuzwa kwa tuhuma hiyo, wengine baada ya kufungiwa katika nyumba za maombi, kunyimwa chakula na kupigwa. Tazameni sasa zile dalili, mfanye hesabu. Kukojoa, kupiga kelele, kukaa kimya: ndizo hizohizo zinazomtokea mtoto aliyetishwa na kipindi cha saa 12 jioni. Mtoto anaogopa mchawi aliyemwona kwenye kioo, nasi tunamjibu kwamba mchawi ni yeye. Sijui ukatili unaozidi huo katika nyumba yenye watu wanaompenda.

Sheria imekwisha kusema. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto ulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3 yule anayemtuhumu mtoto ulozi. Haimwachi mjomba kando, wala pasta.

Nanyi wachungaji, ambao neno lenu lina uzito kuliko langu katika kartie zetu: mama atakuja kwenu alfajiri na mtoto mgongoni, macho ya wote wawili yakiwa mekundu. Kabla hamjafungua kinywa kusema lolote juu ya mtoto huyo, mwulizeni mama mtoto alitazama nini, alikuwa na nani, na kama kuna mtu aliyemwambia hadithi iliishaje. Mwombeeni, akiwa mikononi mwa mama yake. Hali ikiendelea wiki nyingi, akikataa chakula au akianguka, mwelekezeni kituo cha afya. Kisha mrudisheni nyumbani siku hiyohiyo, pamoja na mama yake, na mwambieni baba, mbele ya watu, kwamba mtoto wake hana kosa.