KUMWANIKA MWENYE AKAUNTI FEKI: NI HAKI AU NI KAMCHAPE YA MTANDAONI?



Ndugu zangu wa Kasulu, Kibondo na kwingineko, siku hizi akaunti feki ikitukana watu, au ikitumia picha ya sheikh kuomba sadaka, kelele ni moja: "Mwanikeni! Wekeni picha yake tumjue!"

Mimi nasema HAPANA. Soma mpaka mwisho kabla hujanijibu.

Simtetei. Anayejificha nyuma ya jina la uongo ili azulie watu zinaa au ale sadaka za wajane ni dhalimu. Surat an-Nuur aya ya 4 imeweka viboko 80 kwa anayemzulia mwanamke mwenye heshima zake bila mashahidi wanne. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 15, inakataza kujifanya mtu mwingine.

Lakini wewe unayemwanika, umemjuaje? Kwa sababu laini ina jina la fulani? Wangapi wameambiwa na wakala "weka kidole tena", kumbe laini ya pili inakwenda kwa tapeli? Piga *106# leo uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, jiulize: ikitapeli mtu kesho, itaanikwa picha ya nani?

Sisi watu wa Kigoma tunawajua kamchape. Wanaingia kijijini, wanamnyooshea bibi kidole, "huyu ndiye mchawi", mara nyumba inachomwa. Hakuna shahidi, hakuna hakimu. Wewe unayeanika mtu kwa dhana una tofauti gani nao? Yeye ana tunguri, wewe una simu.

Surat al-Hujuraat aya ya 6 inatuamuru tuthibitishe habari. Aya ya 12 inatukataza dhana na kupelelezana. Ukikosea, hata ukifuta, picha imeshafika kwenye magrupu yote.

Atasema mtu: "Imam Nawawi ameruhusu kutaja ubaya wa mtu ili kutahadharisha." Kweli, katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita, na hiyo ni mojawapo. Lakini tahadhari inatimia ukiitaja akaunti: "Msitume pesa, hii si ya sheikh." Picha ya mkewe na nyumba yake ni ya nini? Hapo hutahadharishi, unalipiza kisasi.

Tena si kila anayeficha jina ni mwovu. Desemba 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alikamatwa na kufikishwa mahakamani kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wanachama wake. Wapo wanaojificha kwa sababu wanasema ukweli kuhusu wizi wa mali ya umma. Ukishangilia kuanikwa leo, kesho ataanikwa huyo.

Basi fanya hivi:
1. Hifadhi ushahidi.
2. Tahadharisha watu kwa jina la akaunti tu.
3. Ujumbe wa tapeli uripoti kwenda 15040.
4. Nenda polisi. Mahakama ikimtia hatiani, atajulikana kwa haki.

Allah atusitiri aibu zetu, na awalipe waliodhulumiwa haki zao. Amin.

Mfikishie na mwenzako.