Nahodha Mmoja, Mabaharia Wengi: Kaunti na Mustakabali wa Umeme Nchini Kenya

Wahenga walinena kuwa nahodha wengi, chombo huenda mrama. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, chombo chetu kilikuwa na nahodha mmoja, na bado kilienda mrama. Yapata saa nne kasorobo umeme ulipotea katika sehemu kubwa ya nchi. Hata uwanja wa ndege wa kimataifa wa Jomo Kenyatta ulitandwa na giza, na waziri wa uchukuzi akalazimika kuomba radhi hadharani. Mimi nilikuwa katika chumba cha kupanga nikihariri sura ya pili ya tasnifu yangu. Niliwasha mshumaa, nikaketi nikisikiliza majirani wakiulizana dirishani iwapo giza lilikuwa lao peke yao au la wote.

Siku zilizofuata kulizuka malumbano. Kampuni ya Kenya Power ilitaja kuzimika kwa ghafla kwa mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, ulioko Loiyangalani katika Kaunti ya Marsabit. Wenye mtambo nao walijibu kuwa walizimika kwa sababu ya hitilafu iliyoanzia kwenye gridi ya taifa. Mwananchi aliyeyasikiliza malumbano hayo hakuwa na pa kushika. Yeye ni mlipaji wa bili tu. Katika mfumo huu hana sauti, wala hana mwakilishi wa karibu anayeweza kuulizwa swali.

Sidai kwamba serikali za kaunti zingelizuia giza la usiku ule. Hitilafu ile ilitokea kwenye njia kuu za umeme, na njia hizo zinahitaji msimamizi mmoja. Ninachodai ni kwamba umeme wa leo haufanani na ule wa miaka ya awali, na kwamba usambazaji wake hauwezi kuendelea kutawaliwa kutoka makao makuu pekee ilhali Katiba yenyewe imeukabidhi pia kwa kaunti.

Kwanza tuangalie umeme wenyewe. Zamani kazi ilikuwa nyepesi kueleza: mtambo mkubwa ulizalisha, nyaya zikasafirisha, mteja akatumia. Mahitaji yalipopanda, mtambo uliongezwa kasi. Leo hali ni tofauti. Upepo wa Marsabit huvuma upendapo. Jua la Garissa, kwenye mtambo wa megawati 50 uliozinduliwa mwaka 2019, huwaka mchana na kututoka jioni, saa ile ile ambapo kila nyumba inapika, inapiga pasi na kuwasha runinga. Mvuke wa ardhini wa Olkaria hupatikana usiku na mchana, lakini usiku wa manane, nchi ikiwa imelala, mahitaji hushuka na mvuke mwingine huachiliwa hewani bila kuzalisha chochote. Kisha, jua likizama, tunawasha mitambo ya mafuta kwa gharama kubwa.

Dawa ya tatizo hili wataalamu huiita unyumbufu, yaani uwezo wa mfumo kujipinda bila kuvunjika. Mwanafunzi wa sarufi ataelewa upesi. Kitenzi cha Kiswahili hubeba kazi nyingi kwa sababu mzizi wake hubaki imara ilhali viambishi hubadilika kulingana na mahitaji ya sentensi. Umeme nao unahitaji mzizi imara, ambao ni gridi ya taifa, pamoja na viambishi vyake: pampu za maji zinazojaza matangi usiku, pikipiki za umeme zinazochajiwa alfajiri, majokofu ya samaki yanayopozwa zaidi mchana jua linapokuwa kali, na paneli za shule zinazouza ziada yake wakati wa likizo.

Sasa tujiulize, mambo hayo yako mikononi mwa nani? Maji ni jukumu la kaunti. Hospitali nyingi, masoko na taa za barabarani pia ni majukumu ya kaunti. Kwa hiyo sehemu kubwa ya matumizi ya umma yanayoweza kusogezwa kutoka saa moja hadi nyingine iko chini ya magavana. Hata hivyo, magavana hao hawana usemi wa maana kuhusu nyaya zinazopeleka umeme huko.

Katiba ya mwaka 2010 haikuwasahau. Katika Jedwali la Nne, usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa kawi umetajwa miongoni mwa majukumu ya kaunti. Ajabu ni kwamba maneno hayo hayo yametajwa pia katika majukumu ya serikali ya taifa, chini ya sera ya kawi. Sisi tunaofundishwa kuchambua matini tunajua kwamba kauli moja ikiwekwa vinywani mwa wahusika wawili, ndipo mgogoro wa tamthilia huanzia. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ilijaribu kuutatua mgogoro huo kwa kuitaka kila kaunti iandae mpango wake wa kawi. Lakini mpango ni karatasi iwapo mwenye nyaya halazimiki kuufuata.

Matokeo ya utata huu tuliyaona Nairobi mwezi Februari 2025. Baada ya umeme kukatwa katika ofisi za kaunti, malori ya kaunti yalimwaga taka nje ya makao makuu ya Kenya Power, kila upande ukisisitiza kuwa unaudai mwenziwe mabilioni ya shilingi. Wengi walicheka. Binafsi nililiona tukio hilo kuwa msiba. Taasisi mbili ambazo zingepaswa kuketi meza moja kupanga saa za kusukuma maji ya jiji zilikuwa zikizungumza kwa lugha ya taka.

Wapo watakaonikumbusha methali niliyoanza nayo. Watasema kaunti zimeshindwa kulipa madeni yao wenyewe, zitawezaje kusimamia umeme? Hoja hii ina uzito. Nchini Afrika Kusini, ambako katiba inautaja usambazaji wa umeme kuwa shughuli ya serikali za mitaa, manispaa nyingi hukusanya pesa za wateja bila kuilipa Eskom, na deni limefikia makumi ya mabilioni ya randi. Anayependekeza nyaya zote zikabidhiwe magavana kesho asubuhi hajajifunza kwa jirani.

Hata hivyo, kukataa nahodha wengi si kukataa mabaharia. Jahazi lenye nahodha hodari lisilo na mtu wa kushika tanga halifiki Lamu. Gridi ya taifa na ibaki na msimamizi mmoja. Kaunti nazo zipewe kazi zinazojulikana, zenye mipaka na zenye kuwajibisha. Mosi, mpango wa kawi wa kaunti uwe na nguvu za kisheria, ili msambazaji aeleze kwa maandishi kila anapouacha. Pili, kaunti zipewe takwimu za kila transfoma: imeelemewa kiasi gani, ilizimika mara ngapi na ilichukua siku ngapi kutengenezwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tatu, bei inayobadilika kwa saa, iliyoanza kutolewa kwa viwanda mwishoni mwa mwaka 2017, iwafikie pia wateja wa nyumbani na kampuni za maji. Nne, zahanati na visima vya umma viwekewe paneli na betri zinazoweza kujitenga na gridi inapozimika, ili mama asijifungue kwa mwanga wa simu.

Lipo jambo la tano, nalo linatuhusu sisi wa chama hiki moja kwa moja. Sheria ya Kawi imeandikwa kwa Kiingereza. Kanuni za mwaka 2024 zinazomruhusu mwananchi mwenye paneli kuingiza ziada yake kwenye gridi zimeandikwa kwa Kiingereza pia. Mkulima wa Kitui atashirikije katika mfumo unaomtaka abadilishe saa za kupiga maji shambani, ikiwa hakuna aliyemweleza kwa lugha anayoielewa kwamba saa zina bei? Katiba hiyo hiyo inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Tumezoea kulalamika kuwa Kiswahili hakitumiki katika sayansi, kisha tunarudi kuandika tasnifu ya mia moja kuhusu taswira. Nami ni miongoni mwa wakosaji. Tuunde istilahi za kawi, tuzifikishe kwenye vikao vya kaunti, na tuzijaribu kwa wananchi wenyewe kabla ya kuzichapisha.

Usiku ule wa Agosti majirani zangu waliulizana kupitia madirishani kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kumwuliza. Giza lijalo, wawe na ofisi iliyo karibu, yenye jibu, na inayolitoa kwa Kiswahili.