Lusitre nyeusi mu salamanje: tuangalie waya mbele ya rangi

Siku hizi, ku Kolwezi, ku Likasi na ku Lubumbashi, kuna kitu kimoja kinaingia mu nyumba za wachimbaji: lusitre nyeusi. Ni ile taa ya chuma yenye mikono tano ao sita, ya kutundika juu ya meza ya salamanje. Watu wanacheka. "Muchimbaji na lusitre, wapi na wapi?" Shi wa sendika hatucheki. Mutu anayeshinda chini ya udongo na taa ku kofia, jioni yuko na haki ya kula chini ya taa aliyochagua yeye na bibi yake. Wakubwa wanaopanga mishahara yetu wako na malusitre mu saloni zao, na hakuna anayewauliza ruhusa walipata wapi.

Ila tunaona wengi wananunua vibaya. Wanaangalia picha mu telefoni, wanalipa, na nyuma yake njo matatizo yanaanza.

Rangi yenyewe kwanza. Nyeusi inakula mwanga, na mutu wa chini ya ardhi hana haja ya kufundishwa ile. Kama lusitre iko na mikono nyeusi lakini ampule ziko wazi, hakuna shida: mwanga unaenda pande zote, unapiga ku plafon na unarudia. Kama kila ampule imefunikwa na kofia ya chuma nyeusi, mwanga unashuka paka ku meza, na pembe za nyumba zinabakia usiku. Ile ya vioo vyeusi njo mbaya kupita zote. Mu magazini inapendeza juu kule wamewasha taa zingine makumi pembeni yake. Kwako itakuwa peke yake.

Mu nyumba ya tajiri, salamanje ni ya kula tu. Kwetu ile meza iko na kazi nyingi: kula, kupiga pasi, kuchagua maharagi, na usiku mutoto anafungua dafutari yake. Mwaka wa Exetat, ile meza njo masomo yenyewe. Kwa hiyo, bamama na babaa, kama munataka nyeusi, ikuwe ya mikono wazi, ao kofia yake ndani ikuwe nyeupe ao ya rangi ya zahabu. Na ukuta upakwe rangi nyepesi. Lusitre nyeusi, ukuta wa kahawia, mapazia mazito: ile si salamanje tena, ni galeri ya chini.

Kuhusu ampule, musome kipakiti. Watt inaonyesha umeme unaoliwa, haionyeshi mwanga. Mwanga unasomwa mu lumeni: ampule ya LED ya lumeni 800 inamulika karibu sawa na ile ya zamani ya watt 60, na inakula watt 8 ao 9 tu. Ampule tano za lumeni 400 zinatosha kwa meza ya watu sita. Namba ya 2,700 ao 3,000 inatoa mwanga wa kutuliza, na chakula kinaonekana vizuri. 6,500 ni mwanga mweupe wa lopitalo. Muangalie tena mudomo wa ampule. Malusitre mengi yanataka ile ndogo, E14, na ku soko la kambi mara nyingi mutakuta kubwa, E27.

Urefu na upana hauna mambo mengi. Chini ya lusitre ibakie sentimita 75 mpaka 85 juu ya meza, mutu akikaa aone uso wa mwenzake. Upana wake ukuwe karibu nusu ya upana wa meza ao zaidi kidogo: kwa meza ya sentimita 90, lusitre ya 45 mpaka 60. Nyumba za kambi si kasri, plafon iko karibu. Na kama meza yenu inasogezwa kila mara, kumbukeni kichwa cha mugeni. Kitu kingine, nyeusi inaonyesha vumbi kuliko rangi zingine. Kule malori ya mine yanapitia, kila juma mutu atapanda ku kiti na kitambaa mu mukono. Baba anayechagua peke yake aseme kabisa kama ni yeye atapanda.

Sasa tufike ku plafon. Lusitre ya kilo 10 haitundikwi ku triplex. Itundikwe ku mbao ya dari, na kitanzi cha kuingia sana, si musumari. Kitu kizito juu ya vichwa vya batoto hakina muchezo. Ku kazi munakataa kupita chini ya jiwe ambalo halijafungwa, ku nyumba munakubali kwa nini?

Na waya. Lusitre ya chuma inatakiwa kuunganishwa na waya ya udongo, ile ya kijani na manjano. Mu nyumba nyingi za zamani ile waya haiko. Fundi anaikata, anaificha mu kikombe cha juu, anasema "iko sawa". Haiko sawa: siku waya moja inachubuka na kugusa chuma, lusitre yote inakuwa na umeme, na njo ile mama anapanguza. Kwa taa, waya ikuwe ya milimita za muraba 1.5, ya mukuba kabisa. Ku soko kuna waya ya aluminiamu iliyopakwa mukuba juu. Mukwaruze na kisu: kama ndani ni nyeupe, muiache. Inapita umeme kidogo kuliko mukuba, inalegea mahali pa kuunganisha, inapata moto.

Hapa hatuwezi kunyamaza. Mukuba wetu unatoka mu malori, unapita Kasumbalesa, unaenda mbali, kisha watu wa mukuba wanauziwa aluminiamu iliyovaa nguo ya mukuba. Laini ya umeme ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ilimalizwa mu 1982 kwa ajili ya mine. Inapita juu ya vijiji ambavyo vinawasha mishumaa. Kwetu umeme unakuja na kwenda, na ukirudia na nguvu ya kupita kiasi unaua ampule. Fundi aweke disjonktere ya kulinda mbele ya lusitre yoyote. Ile si anasa.

Bei nayo. Mutu asinunue lusitre na avansi ya mushahara, wala kredi ya dola kwa muuzaji anayeshika karte yake ya banki. Mu 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka ku kazi kwa ile waliita kutoka kwa hiari. Walikuwa wamekaa miezi mingi bila mushahara, na feza ilikuja mara moja. Shi tulikuwa vijana, tuliona vitu vya nyumba vinaingia, kisha tukaviona vinatoka kimoja kimoja kwenda ku soko. Wazazi wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa na njaa ya muda mrefu ya kitu kizuri. Ile njaa tunaijua, njo maana tunaomba hesabu ifanywe mbele: fundi, waya na disjonktere kwanza, lusitre na kile kinachobakia. Kama hakibakii kitu, ingojee.

Na kwa wale wanaokaa mu nyumba za shirika: waya za mu ukuta si mali yenu, si deni yenu. Sheria ya kazi ya 2002 inataja logement na indemnité yake pembeni ya mushahara. Mutu asitoboe mushahara wake kurekebisha nyumba ya mwajiri. Delege wa kila kambi aandike namba za nyumba ambazo hazina waya ya udongo. Atuletee ile liste mbele ya mazungumzo ya konvansio. Tutaiweka ku meza, hata kama ile meza iko na lusitre kubwa kuliko zetu.