Mpaka wa serikali, jina la nani?

Jamani, ramani ya England ina vituko! Tarehe 1 Aprili 1974 (ndiyo, sikukuu ya wajinga) serikali ilifuta kaunti kadhaa na kuchora mpya. Rutland, ile ndogo kuliko zote, ikamezwa na Leicestershire. Mashariki ikazaliwa Humberside, ikiwafunga pamoja watu wa Yorkshire na wa Lincolnshire waliotenganishwa na maji ya Humber. Mwaka 1981 daraja likafunguliwa, lakini mioyo haikuvuka. Mwaka 1996 Humberside ikafutwa. Mwaka uliofuata Rutland ikarudishiwa baraza lake.

Najua mtaniambia: miji inakua, taka lazima zizolewe, shule ziendeshwe. Sawa, mistari na ichorwe! Ninachokataa ni kudhani kwamba anayechora mstari amepata pia haki ya kumbatiza mtu. Middlesex haina baraza tangu 1965, ila timu ya kriketi inacheza kwa jina hilo hadi leo. Na baraza la Cumbria lilipovunjwa mwaka 2023, majina gani yaliibuka kwenye mabaraza mapya? Cumberland na Westmorland, yale yale ya kabla ya 1974.

Mtu aliyelala Yorkshire akaamka Humberside bila kuulizwa, ataamini vipi kwamba baraza hilo ni lake? Sasa England inapanga tena mabaraza yake. Kabla ya kuandika vibao vipya, wawaulize kwanza wenyeji wanajiitaje.

Au mimi ndiye nimepotea? Haya wadau, semeni.