Kosa la Programu Lisomwe Kabla ya Kufutwa

Yako mazoea ambayo hatuna budi kuyapinga. Programu ya mwanafunzi ikikwama, mkufunzi huichukua kompyuta, akasahihisha, akairudisha. Programu hufanya kazi, lakini mwanafunzi hakujifunza lolote.

Tuchukue mfano. Mwanafunzi ameandika kwa lugha ya Java programu ya simu ya kutafuta wastani wa alama. Anaingiza 7 na 8, na jibu ni 7 badala ya 7.5. Mashine haikukosea: katika Java, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima, desimali hutupwa. Anayeambiwa tu "andika 2.0" atakosea tena kesho.

Ngoro za Umatengo zatufunza njia. Mvua ikizibomoa mlimani, haifai kuziba za chini pekee. Sharti kupanda hadi shimo lililofurika kwanza. Vivyo hivyo, mwanafunzi alirudie kosa hadi ajue hutokea lini. Atazame thamani ya kila hatua, aone ipi iliharibika kwanza. Kisha abadilishe jambo moja tu, na kujaribu tena. Programu ikienda vema Mbinga mjini na kukwama Mbamba Bay, aulize kwanza: kilichobadilika ni programu, au ni mtandao?

Watakuwako watakaosema kompyuta hazitoshi. Kufuata thamani hatua kwa hatua hufanyika hata ubaoni, kwa chaki na jedwali.

Nanyi walimu watarajiwa, kabla ya kutia alama ya mkasi katika daftari la hesabu, mwulizeni mtoto alipitia njia gani.