Usipande Zao Moja



Jumapili moja baada ya Misa, hapa Lisekese, baba mmoja aliniita pembeni chini ya mwembe. Kijana wake alikuwa amefaulu. Alisoma Fizikia, Kemia na Hisabati, naye alitaka sana kusomea Sayansi ya Kompyuta. Akaomba chuo kikuu kimoja tu, tena kozi moja tu, kwa kuwa ndicho chuo alichokisikia kikisifiwa tangu utoto. Jina lake halikutoka. Habari kwamba kuna awamu ya pili ya maombi ilimfikia siku mbili baada ya awamu hiyo kufungwa. Basi mwaka ule wote alikuwa shambani akifyeka na kuokota korosho, na wenzake wa darasa moja walikuwa chuoni. Miongoni mwao walikuwamo aliowazidi alama.

Baba yule akaniuliza, "Ndugu yangu, mtoto hakushindwa mtihani. Sasa ameshindwa nini?"

Swali hilo limekaa nami siku nyingi, na leo nataka tulijibu pamoja. Kijana hakuwa mjinga wala mvivu. Alipanda zao moja.

Tazameni mashamba yetu, tangu Masasi hata juu Newala. Nani kati yetu apandaye korosho peke yake? Korosho ni fedha, lakini ubwiri unga ukishika maua, au bei ikianguka mnadani, fedha hakuna. Kwa hiyo twapanda na mahindi, ambayo mvua ikinyesha vema yatatulisha. Tena twapanda muhogo, ambao hata mvua ikiwa haba hautuachi. Unakaa ardhini unatungoja. Hakuna amwitaye mwoga mtu apandaye muhogo. Twamwita mwenye akili. Orodha ya vyuo nayo ipangwe vivyo hivyo.

Ijue kwanza kazi yenyewe

Wengi wetu wazazi hatukuiona kompyuta shuleni. Mwaka 1974 serikali ilipiga hata marufuku kuingiza mashine hizo nchini. Si ajabu basi tukidhani Sayansi ya Kompyuta ni kuchapa barua, au kutengeneza mashine iliyokufa. Sivyo. Ni elimu ya kuipangia mashine kazi, hatua kwa hatua, na mzizi wake ni Hisabati. Fedha tunazotumiana kwa simu tangu mwaka 2008, na mnada wa korosho unaoendeshwa siku hizi kwa mtandao, vyote vyategemea kazi ya watu wa elimu hiyo.

Tena elimu hii ina ndugu zake: Uhandisi wa Programu, Mifumo ya Habari, Teknolojia ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta, Usalama wa Mitandao. Mengi ya masomo yao ya mwanzo yafanana. Kijana aliyekosa kozi moja aweza kufika kazini kwa njia ya ndugu yake. Kwa hiyo asiandike jina moja tu la kozi kana kwamba mengine yote ni ya bure.

Pima alama

Tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja chuoni. Haiko tena kama miaka ya 2010 hata 2016, majina yalipopita katika mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, iitwayo TCU. Kaka aliyeomba siku zile asimwongoze mdogo wake kwa desturi ya zamani.

Tume hiyo hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo, kimoja kwa waliomaliza kidato cha sita, na kingine kwa wenye stashahada. Chapatikana bure katika mtandao. Ndani yake kila kozi imeandikwa pamoja na masomo inayoyadai na idadi ya nafasi zake. Kitabu hiki kisomwe na baba, mama na mtoto, wote watatu, kabla ya kulipa hata shilingi moja.

Hesabu yake ni hii. A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Ili kuingia chuo kikuu, mtoto atakiwa awe amefaulu masomo mawili yanayokubaliwa na kozi, yenye jumla ya alama 4. D mbili basi zamfikisha mlangoni. Lakini kufika mlangoni si kupata kiti. Tuseme kozi ina viti 100 na waombaji ni 800. Chuo kitaanza kwa wenye alama za juu, na viti vitakwisha kabla ya kuwafikia wenye D mbili. Kiwango kilichoandikwa kitabuni ni cha kuruhusiwa kuomba, si cha kuchaguliwa. Hapo ndipo wengi hukosea.

Angalieni na masomo. Kozi nyingi za kompyuta zadai Hisabati ya Juu. Nyingine zakubali masomo mengine, mradi Hisabati ya kidato cha nne iwe nzuri. Basi aliyesoma Fizikia, Kemia na Baiolojia asikate tamaa, lakini asiombe kabla ya kusoma sharti.

Mazao matatu

Zao la kwanza ni korosho, yaani chuo unachokitamani ingawa wanaokigombea ni wengi na wenye alama nzuri. Kwa vijana wengi hicho ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho ndaki yake ya TEHAMA iko Kijitonyama. Omba. Kuomba si kiburi, na mtoto wa Lisekese ana haki ya kuomba kama mtoto wa mjini. Andika kimoja, au viwili.

Zao la pili ni mahindi, yaani vyuo ambavyo alama zako zafanana na za wale wanaochukuliwa. Andika viwili au vitatu. Kipo Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, chenye ndaki nzima ya elimu hizi na kozi kadhaa za kompyuta. Kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Kipo Mzumbe. Vipo pia Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam na Chuo cha Uhasibu Arusha, ambavyo wengi hudhani hufundisha hesabu za fedha tu, kumbe vina shahada za kompyuta. Lakini fahamuni kwamba mahindi ya mmoja aweza kuwa korosho kwa mwingine. Alama za mtoto ndizo zitakazosema.

Zao la tatu ni muhogo, yaani chuo ambacho alama zako zapita kwa nafasi, na mfuko wa nyumbani waweza kukistahimili. Andika kimoja au viwili. Kwa wengine kitakuwa chuo cha binafsi, kama Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha kilichoko Iringa. Kwa aliyepata alama haba, muhogo ni stashahada, kama ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam. Aliyetoka kidato cha sita huisoma kwa kawaida miaka miwili, na akipata wastani wa 3.0 au zaidi, mlango wa shahada humfungukia. Njia hiyo ni ndefu, lakini yafika.

Sikilizeni sana neno hili. Muhogo usioweza kuula si akiba. Nimeona kijana akijaza chuo cha mwisho bila kufikiri, kozi asiyoipenda, mahali asipopajua, kwa kuwa aliamini hatafika huko. Akafika huko. Kabla ya kuandika chuo cha mwisho, ajiulize: "Nikichaguliwa hapa tu, nitakwenda kwa moyo?" Kama jibu ni hapana, atafute kingine.

Yuko atakayesema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Kweli, lakini hapa hushiki mengi. Wabisha hodi katika nyumba nyingi, na mwishoni waingia moja. Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hana budi kuthibitisha kimoja tu, na kuthibitisha kabla siku haijapita. Asipothibitisha, aweza kuipoteza nafasi aliyokwisha kuipata.

Pima na mfuko

Bwana wetu alitupa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Wazazi, tuketi.

Ada ya kuomba huwa kama shilingi 10,000 kwa chuo kimoja, ulizeni kwanza. Vyuo vitano ni shilingi 50,000 hivi. Si nyingi kama mwaka mmoja uliopotea, lakini zahitajika wakati wa kiangazi, ambapo kila senti imekwenda katika salfa na kusafisha mikorosho. Fedha za korosho huanza kuonekana Oktoba, tena wengi wetu twakumbuka msimu wa 2018, tulivyongoja malipo. Korosho iliyo ghalani si fedha iliyo mkononi. Basi fedha ya maombi iwekwe kando tangu msimu uliopita.

Kuna mkopo wa serikali, utolewao na Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi mwaka 2005. Hutolewa hata kwa wasomao katika vyuo vya binafsi vilivyotambuliwa. Maombi yake ni mbali na ya chuo, na yana siku zake. Cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe na RITA, na cha kifo vilevile kwa mtoto yatima. Jambo hili lianze mapema, maana jina lililoandikwa vibaya katika cheti laweza kumchelewesha mtoto. Wale wachache waliofaulu sana masomo ya sayansi waulize pia juu ya ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023.

Lakini mkopo hutolewa kwa kipimo cha uhitaji, na si kila mtu hupata wote. Kwa hiyo mbele ya jina la kila chuo tuandike: akipata mkopo wote, tutaongeza nini? Akipata nusu? Akikosa kabisa? Tusihesabu ada tu. Kuna nauli, chumba, chakula, na mwanafunzi wa elimu hii atahitaji kompyuta. Tusidhani pia kwamba chuo cha Kanisa ni cha bure. Nacho chalipa walimu. Tena mkopo si zawadi. Akiajiriwa, atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Mtoto ayajue hayo sasa, asije akayajua siku ya mshahara wa kwanza.

Neno juu ya steshenari

Wengi wetu hatuna mtandao nyumbani, hivyo twakwenda steshenari mjini, na vijana wa pale hutusaidia sana. Lakini tusiwaachie kila kitu. Namba ya simu iwe ya mtoto mwenyewe au ya mzazi. Neno la siri liandikwe katika daftari la nyumbani. Msichana mmoja alichaguliwa na vyuo viwili, na namba ya kuthibitisha ikaenda katika simu ya aliyemjazia fomu, ambaye alikuwa amesafiri. Mama yake alizunguka siku tatu akimtafuta. Bahati njema akampata.

Na msikubali mtu mwingine achague kozi kwa kuwa foleni ni ndefu. Orodha itoke nyumbani imekwisha kuandikwa. Pale dukani ni kuinakili tu.

Mtaniuliza habari za kijana yule wa kwanza. Mwaka uliofuata aliketi na baba yake, taa mezani, wakapiga mistari mitatu katika daftari: korosho, mahindi, muhogo. Wakaandika vyuo vitano. Vikamchagua viwili, na kile alichokitamani tangu utoto hakikuwamo. Alikwenda katika mojawapo ya mahindi yake. Baba alipoleta habari, hakuniuliza tena mtoto ameshindwa nini. Aliniuliza kompyuta iliyotumika ni shilingi ngapi.

Basi usiku huu, baada ya chakula na sala, nanyi chukueni daftari. Mungu aibariki kazi yenu.